Python 3.12 nimeijenga bila sudo, make imemaliza vizuri, lakini ssl na ctypes hazipo

Nyuzi aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Nina akaunti kwenye seva ya pamoja yenye Debian 12. Sudo (ruhusa ya kuendesha amri kama msimamizi) sina na sitapewa. Msimamizi ni mtu mwema lakini kwa hilo hashawishiki. Python iliyomo ni 3.11, nami nina programu iliyoandikwa kwa sintaksia ya 3.12 (ile ya `type X = ...`, na f-string zenye nukuu ndani ya nukuu za aina ileile), kwa hiyo 3.11 inaikataa hata kabla haijaanza. Nikachukua msimbo chanzo, nikaufungua kwenye folda yangu ya nyumbani, nikafanya hivi:

```
./configure --prefix=$HOME/zana/python-3.12
make -j$(nproc)
make install
```

GCC ipo, ni 12.2. Make ipo. Zlib nayo ipo pamoja na faili zake zote. Skrini ilijaa maandishi, haikusimama popote, na neno `Error` sikuliona. `python3.12 --version` inajibu bila shida. Kisha nikamwita pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python:

```
WARNING: pip is configured with locations that require TLS/SSL,
however the ssl module in Python is not available.
```

Halafu:

```
>>> import ctypes
ModuleNotFoundError: No module named '_ctypes'
```

Na nikibonyeza mshale wa juu ili nirudie amri iliyopita, inaniandikia `^[[A`.

Dawa naihitaji, lakini zaidi nataka kuelewa: inakuwaje programu ijengwe hadi mwisho bila kulalamika, halafu iwe na mapengo namna hii? Nikitoka hapa nina Git ya kujenga kwenye seva hiyohiyo, nisingependa kuanza tena kwa kubahatisha.

---

Chapuchapu alijibu:

Mkuu, unajitesa bure. Weka `uv`, andika `uv python install 3.12`, itakushushia Python iliyokwisha kujengwa, inakaa ndani ya folda yako, haiombi sudo, na ssl imo. Kukompaili Python kwa mkono siku hizi ni kutafuta sifa tu.

---

Nyuzi:

Asante Chapuchapu, na kwenye kompyuta yangu mwenyewe ndivyo ninavyofanya. Ila seva hii ina sharti: programu ama itoke kwenye ghala la distro yenyewe, ama ijengwe palepale kutoka kwenye msimbo uliosainiwa na wanaoutoa. Iliyojengwa kwingine haikubaliki. Nimeangalia pia pyenv, naona nayo inashusha msimbo chanzo na kuukompaili, kwa hiyo nahisi itanifikisha palepale.

---

Kibatari alijibu:

Itakufikisha palepale, ndiyo. pyenv inakuandikia amri zilezile ulizoandika wewe; tofauti ni kwamba inazificha.

Nianze na swali lako la "inakuwaje", maana hilo ndilo litakalokufaa hata kwenye Git.

Kazi ya `configure` ni kupekua. Inaandika vijiprogramu vidogo vya C, inajaribu kuvikompaili kimoja baada ya kingine, na kikikubali inahesabu kwamba kitu fulani kipo kwenye mashine. Kikikataa inaandika `no` na kuendelea na safari yake. Isipokuwa kitu hicho ni cha lazima, haisimami. Na suala zima liko kwenye hilo neno "lazima": kwa walioandika Python, ssl ni hiari. Lugha inaweza kuishi bila intaneti. Kwako wewe siyo hiari hata kidogo, lakini `configure` haina namna ya kulijua hilo, wala haikuuliza.

Ujumbe ulitolewa, ila ulisombwa. Ukiendesha `make` peke yake, ukaacha `make install` kwanza, mwishoni utaona kitu cha namna hii:

```
The necessary bits to build these optional modules were not found:
_bz2          _ctypes       _hashlib
_lzma         _sqlite3      _ssl
readline
To find the necessary bits, look in configure.ac and config.log.
```

Ukiunganisha na `make install` papo hapo, orodha ndefu ya faili zinazonakiliwa inaufukia. Ndiyo maana mimi siku zote naziachanisha hizo mbili, na matokeo ya kila moja nayaweka kwenye faili kwa `tee`. (Ukikutana na ushauri wa zamani unaokutuma ukachungulie `setup.py`, uache. Huo ulikuwa wa 3.11 na kurudi nyuma, kwenye 3.12 faili hiyo imeondolewa kabisa.)

Huna haja hata ya kusubiri make. `configure` ya 3.12 inataja kila moduli na hali yake:

```
../Python-3.12.x/configure --prefix=$HOME/zana/python-3.12 2>&1 | tee ../configure.txt
grep 'missing$' ../configure.txt
```

Usianze make mpaka orodha inayotoka hapo iwe na vitu ambavyo kweli huvihitaji. Tkinter kwenye seva isiyo na skrini, kwa mfano, acha iende.

Sasa, jambo linalowachanganya wengi. `libssl.so.3` ipo kwenye seva yako, Python 3.11 ya mfumo inaitumia hiyohiyo. Kinachokosekana ni faili za `.h`, ambazo ndizo kompaila anazozisoma ili ajue maktaba ina nini ndani, pamoja na kiungo kiitwacho `libssl.so` kisicho na namba mwishoni, ambacho linka inakitafuta inapopewa `-lssl`. Debian inavitenga hivi kwenye vifurushi vyenye mkia wa `-dev`. Fedora na jamaa zake wanaandika `-devel`. Anayetumia programu tu havihitaji. Anayejenga, bila hivyo hasogei.

Kwa hiyo kabla ya lolote, mwandikie msimamizi umwombe hivi: `libssl-dev libffi-dev libbz2-dev liblzma-dev libsqlite3-dev libreadline-dev libncurses-dev uuid-dev`. Mweleze kwamba humo karibu vyote ni faili za `.h` na viungo, na vinatoka kwenye ghala lilelile la distro. Wasimamizi wengi wanaokataa kutoa sudo hawakatai hili.

Akikataa, ssl na ctypes unaweza kuzikamilisha mwenyewe. OpenSSL kwanza. Chukua mfululizo wa 3.0, uleule wa Debian 12:

```
./Configure --prefix=$HOME/zana/ssl --openssldir=/etc/ssl --libdir=lib
make -j4
make install_sw
```

Machaguo hayo matatu yana sababu zake. `--libdir=lib` ni kwa sababu kwenye Linux ya x86_64 OpenSSL hupenda kujiweka ndani ya `lib64`, na Python ukiielekeza kwenye folda hiyo itaangalia ndani ya `lib` tu, haitaona kitu, na wala haitakuambia. `--openssldir=/etc/ssl` ni ili itumie vyeti ambavyo tayari viko kwenye mfumo; bila hilo ssl itakuwapo lakini tovuti nyingi itazikataa kwa `CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`, na utadhani umejenga vibaya. Na `install_sw` badala ya `install` ni ili isijaribu kuandika ndani ya `/etc/ssl`, ambako huna ruhusa, wala isikujazie kurasa za maelezo.

Kisha libffi, ambayo ndiyo `_ctypes` inayoitaka:

```
./configure --prefix=$HOME/zana/ffi --disable-multi-os-directory
make && make install
```

Kisha Python yenyewe. Ile folda uliyojengea mara ya kwanza ifute, ufungue msimbo upya, na safari hii jenga ukiwa nje yake:

```
mkdir jenga && cd jenga
export LIBFFI_CFLAGS="-I$HOME/zana/ffi/include"
export LIBFFI_LIBS="-L$HOME/zana/ffi/lib -lffi"
export LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/zana/ffi/lib"
../Python-3.12.x/configure --prefix=$HOME/zana/python-3.12 \
    --with-openssl=$HOME/zana/ssl --with-openssl-rpath=auto
```

Hiyo `rpath` inaandika ndani ya faili iliyojengwa mahali pa kutafuta maktaba wakati wa kuendeshwa. Watu watakuambia uweke `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `.bashrc`. Usikubali. Hiyo inaathiri kila programu utakayoiita, pamoja na zile za mfumo ambazo hazikuomba OpenSSL yako, na siku moja kitu kisichohusiana kabisa kitaanza kugoma bila wewe kukumbuka uliweka nini wapi. Na usipoweka rpath kabisa, Python itachukua `libssl.so.3` ya mfumo, maana jina ni hilohilo. Mara nyingi itafanya kazi tu. Hiyo "mara nyingi" ndiyo siipendi.

Ukimaliza, hakikisha:

```
$HOME/zana/python-3.12/bin/python3.12 -c "import ssl, ctypes; print(ssl.OPENSSL_VERSION)"
ldd $HOME/zana/python-3.12/lib/python3.12/lib-dynload/_ssl*.so
```

Kwenye matokeo ya `ldd` tafuta njia ya folda yako. Ukiona `not found`, rpath haikuingia.

Kuna `--enable-optimizations` ambayo kila mwongozo unaipachika kwenye amri ya kwanza. Inaifanya Python iwe na kasi zaidi, ni kweli, lakini inajenga mara mbili, na katikati inaendesha majaribio ili ijifunze ni njia zipi ndani ya programu zinapitwa sana. Kwa hiyo kila unapokosea kitu kidogo unalipia muda mrefu. Jenga bila hiyo mpaka moduli zote zitimie, ndipo uirudie nayo.

---

PembeTatu alijibu:

Kibatari kamaliza, ila kuna njia ya mkato ambayo bado inatimiza sharti la "ghala la distro". Kushusha kifurushi hakuhitaji sudo, kukisakinisha ndiko kunakohitaji:

```
apt-get download libffi-dev
dpkg -x libffi-dev_*.deb $HOME/zana/deb
```

Faili za `.h` zinaishia ndani ya `$HOME/zana/deb/usr/include` na vijifolda vyake. Unamwelekeza kompaila hapo, basi. Hakuna kujenga libffi wala OpenSSL.

---

Kibatari:

Ni njia nzuri na nimeitumia, ila ina mitego miwili. Wa kwanza: ndani ya `libffi-dev` ile `libffi.so` ni kiungo kinachoelekeza kwenye faili ya jirani yake, na faili hiyo iko kwenye kifurushi kingine, `libffi8`. Ukifungua `-dev` peke yake kiungo kinaelekeza hewani. Fungua na `libffi8` ndani ya folda hiyohiyo. Kwa ssl ni `libssl-dev` pamoja na `libssl3`.

Wa pili: faili za `.pc` zilizomo (ndizo pkg-config anazozisoma ili ajue maktaba iko wapi) zimeandikwa `prefix=/usr`, kwa hiyo ukimwachia pkg-config atakurudisha kwenye `/usr/include` ambako hakuna kitu. Taja njia mwenyewe kwa `LIBFFI_CFLAGS` na wenzake, kama nilivyoandika hapo juu. Tena angalia kwa `find` faili za `.h` zimekaa wapi hasa, maana Debian baadhi yake huziweka ndani ya `include/x86_64-linux-gnu`.

---

Nyuzi:

Wakuu, nimerudi.

Msimamizi amejibu. bz2, lzma, sqlite3, readline, ncurses na uuid amevisakinisha papo hapo. `libssl-dev` na `libffi-dev` amesema hapana. Msiniulize mantiki, nimemshukuru nikaondoka. Kwa hiyo ssl na ffi nimejenga kama Kibatari alivyoelekeza, na `grep 'missing$'` sasa inanitolea `_tkinter` peke yake. pip inashusha, ctypes inaitika, mshale unafanya kazi yake.

Nikahamia kwenye Git. Nilipitia `configure`, make, make install, zote zimekwenda. Halafu:

```
$ git clone https://...
git: 'remote-https' is not a git command. See 'git --help'.
fatal: remote helper 'https' aborted session
```

Naona ni ugonjwa uleule, bila shaka ni libcurl, maktaba ya kuvuta vitu kwa https. Ninachouliza: je, hakuna namna ya kuilazimisha `configure` isimame badala ya kuniachia mapengo?

Na la pembeni. Nilipoifungua hiyo `configure` ili nione inafanya nini nilikuta maelfu ya mistari ya shell isiyosomeka. Hivi kuna mtu anaisoma kweli? Tunaambiwa kujenga kutoka chanzo ni salama zaidi kwa sababu unaona unachojenga.

---

Kibatari:

Git ndiyo mfano wangu wa siku zote, kwa sababu ndani yake tabia zote mbili zipo. Ukipitia `./configure`, isipoona libcurl inaandika `NO_CURL` kimyakimya kwenye faili iitwayo `config.mak.autogen`, na Git inajengwa bila https. Ukiruka `configure` ukaendesha `make` moja kwa moja, Makefile inachukulia kwamba curl ipo, na kama haipo kompaila anagoma palepale: `curl/curl.h: No such file or directory`. Wengi wanaona hii ya pili ndiyo mbaya kwa sababu imegoma. Mimi naona ndiyo ya maana. Imekuambia kabla hujafika popote.

Kwa hiyo kwa Git usitumie `configure`. Kwanza ondoa mabaki yake kwa `make distclean`, maana `config.mak.autogen` ikibaki itaendelea kusomwa hata usipoiita. Kisha andika faili yako, `config.mak`:

```
prefix = $(HOME)/zana/git
CURLDIR = $(HOME)/zana/curl
NO_OPENSSL = 1
NO_EXPAT = 1
NO_GETTEXT = 1
NO_TCLTK = 1
```

Hapa wewe ndiye unayetaja usichokitaka, kisichotajwa kinadaiwa. `NO_OPENSSL` isikutishe: https ya Git inapita kwenye libcurl, siyo hapo.

curl yenyewe unaijenga kwa OpenSSL yako, kwa `--with-openssl=$HOME/zana/ssl`, na ukumbuke rpath kwenye `LDFLAGS` kama mwanzo. Hii nayo ina historia yake. Tangu toleo la 7.77.0 la mwaka 2021, `configure` ya curl inakataa kuendelea mpaka useme ni maktaba gani ya TLS unayoitaka, au useme wazi kwamba huitaki kwa `--without-ssl`. Na kwenye matoleo ya karibuni libpsl ni vivyo hivyo: iwepo, au uandike `--without-libpsl`. Watu walilalamika. Natamani programu zote zingefanya hivyo.

Kuilazimisha `configure` yoyote kwa jumla haiwezekani, maana kila mradi una uamuzi wake. Lakini jaribu hivi: endesha `./configure --help`, utafute machaguo ya `--with-` na `--enable-`, na unachokihitaji kitaje kwa jina hata kama maelezo yanasema kitatafutwa chenyewe. Kwenye miradi mingi ukikitaja na kikakosekana inasimama, na usipokitaja inakiruka. Upande wa CMake (chombo kingine cha kuandaa ujenzi), LLVM (mradi wa kompaila) wana `-DLLVM_ENABLE_ZLIB=FORCE_ON`: kwa `ON` zlib isipoonekana inaachwa, kwa `FORCE_ON` kazi inasimama. Vim haina adabu hiyo, kwa hiyo ukiijenga angalia `vim --version | grep clipboard` kabla hujaisifu.

Na `configure` ikigoma, usisome mstari wa mwisho wa skrini, fungua `config.log`. Nenda chini kabisa, kisha panda juu ukipita orodha ndefu ya thamani za vigeu, mpaka ukutane na kile kijiprogramu cha C kilichoshindwa. Juu yake kidogo kuna amri kamili iliyoendeshwa na jibu la kompaila. Skrini inaweza kukuambia "maktaba haipo" wakati `config.log` inaonyesha ipo ila ni ya usanifu mwingine, au kompaila mwenyewe hafanyi kazi.

Kuhusu nani anaisoma: karibu hakuna. Na hilo si la kinadharia. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa ssh kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya liblzma ya mradi wa xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ndiyo maktaba ileile ambayo `_lzma` ya Python yako inaiunganisha. Debian 12 yako haikuguswa, ina toleo la nyuma zaidi.

Kilichonikaa mimi ni mahali walipouficha. Kichocheo chenyewe kilikuwa kwenye faili ya m4 iitwayo `build-to-host.m4`, ya aina ile inayotumika kutengenezea `configure`, na ilikuwamo kwenye faili za tar za kutolewa lakini haikuwamo kwenye ghala la git. Aliyesoma msimbo kwenye git hakuona kitu. Aliyejenga kutoka kwenye tar kwa hatua zetu zilezile, kwenye Linux ya x86_64 na kwa masharti waliyoyaweka, ndiye aliyeupata. Saini ya tar hiyo ilikuwa sahihi pia, kwa sababu aliyesaini alikuwa mtunzaji mwenza wa mradi.

Kwa hiyo angalia saini, `gpg --verify` na `sha256sum`, ila ujue zinathibitisha nini: kwamba faili imetoka kwa aliyesema ameitoa, haijabadilishwa njiani. Nia yake hazikuambii. Mradi unaponiruhusu, mimi huchukua msimbo kwenye git kwenye lebo ya toleo na kuizalisha `configure` mwenyewe kwa `autoreconf -fi`. Ni kazi zaidi, na inataka autoconf na automake ziwepo.

---

Chapuchapu:

Nafuta lile neno la kutafuta sifa 😄 Lakini swali: Nyuzi ameweka kila kitu kwenye folda yake. Mimi kwenye kompyuta yangu nina sudo. Nikiweka kwenye `/usr/local` kuna ubaya gani?

---

PembeTatu:

Ubaya ni siku ya kuiondoa. Miradi mingi haina `make uninstall`, Python mojawapo, na ndani ya `/usr/local` faili zimechanganyika za huyu na yule. Ukiwa na folda ya kila programu, kuiondoa ni `rm -rf` moja. Ukitaka zionekane pamoja kwenye `/usr/local` kuna GNU Stow: unajenga ndani ya `/usr/local/stow/jina-la-programu`, yenyewe inatandaza viungo, na inaviondoa ukiiambia.

Na kama ni Python, tumia `make altinstall`, usitumie `make install`. Hii ya pili inaweka `python3` ndani ya `/usr/local/bin`, ambayo kwenye PATH inatangulia `/usr/bin`. Skripti za mfumo zinazoanza na `#!/usr/bin/python3` hazitaguswa, lakini zilizoandikwa `#!/usr/bin/env python3` zitaangukia kwenye Python yako isiyo na moduli zake.

---

NgamiaMbio aliuliza:

Samahani kuingilia mada. Shida yangu mimi ni kujenga LLVM. Inafika mbali kisha `c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`. Nikirudia inafia mahali pengine. Msimbo una kasoro?

---

Kibatari:

Msimbo hauna shida. Ikifia kila mara mahali tofauti, hiyo ni RAM. Kerneli ndiyo iliyoiua, angalia `dmesg` utamkuta ameandika. `-j$(nproc)` inahesabu viini vya prosesa, haihesabu kumbukumbu, na faili moja ya C++ ya LLVM inaweza kula RAM ya kutosha peke yake. Hatua ya kuunganisha ndiyo mbaya zaidi. Tumia Ninja badala ya make, kisha:

```
cmake -G Ninja -S llvm -B jenga \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release \
  -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 \
  -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1 \
  -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/zana/llvm
ninja -C jenga -j4
```

`Debug` usiiguse kama huendi kuirekebisha LLVM yenyewe, inavimba mno. `X86` ni kama mashine yako ni ya x86. Usipoitaja, LLVM inajenga upande wa kila prosesa inayoijua. `PARALLEL_LINK_JOBS` inasikilizwa na Ninja tu, kwa Makefile za kawaida haina kazi. Ikifa tena, shuka hadi `-j2`. Ninja inaendelea ilipoishia, hujapoteza kitu.

Na Nyuzi, seva ni ya watu wote: hiyo `-j$(nproc)` yako ya mwanzo weka `nice` mbele yake, kabla msimamizi hajaondoa na hizo alizokupa.

---

Nyuzi:

Nimeweka `nice`. Git inavuta kwa https sasa. Ila ukiandika `git --version` bado ilikuwa inanitajia ya zamani japo PATH niko sawa, mpaka nilipotoka na kuingia upya.

---

PembeTatu:

Bash inakumbuka ilikoikuta amri mara ya kwanza. `hash -r` inatosha, huna haja ya kutoka.